Dozi ile ile ya kahawa na enaji, lakini usiku wa tatu bila kulala inanigeuza mtu mwingine. Kwa nini?

Suka_wa_Nanganga (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, heshima kwa wakubwa zangu wote humu.

Mimi ni dereva wa fuso. Msimu huu wa korosho nachukua mzigo Nachingwea naleta bandarini Mtwara. Mnaoujua msimu mnajua: mnada ukishapita, mnunuzi anataka magunia yake yatoke ghalani jana, na sisi malipo yetu ni kwa tripu. Ukilala, umelalia hela yako. Na ukifika bandarini kuna foleni, unasogea mita kumi, unazima, unawasha, unasogea tena, mpaka kunakucha.

Basi wiki iliyopita nilikuwa usiku wa tatu. Sikuwa nimekesha moja kwa moja, nilikuwa naibia saa moja hapa, saa moja na nusu pale, kichwa kwenye usukani. Saa nane usiku nikasimama Mtama kwa mzee wa kahawa. Vikombe vinne vile vidogo, kashata mbili, nikashushia na kopo moja la enaji. Hiyo ndiyo dozi yangu miaka yote. Siku nimelala vizuri inanipa macho tu, naendesha kimya kimya na redio yangu.

Usiku ule ilikuwa kitu kingine. Haikupita nusu saa nikajiona mfalme. Nikaanza kumweleza utingo mpango wangu wa kununua semi ya pili, na ya kwanza yenyewe sina. Kila gari lililo mbele naona linanichelewesha makusudi. Nikaipita semi ya watu kwenye kona, kona ambayo nikiwa na akili zangu hata baiskeli siipiti. Utingo kashika dashibodi kwa mikono miwili, hasemi kitu.

Halafu kabla ya kufika Mnazi Mmoja, nikamwona mama kajitwisha kuni anakatiza barabara. Kanga nyekundu, mkono mmoja juu umeshika mzigo. Nikakanyaga breki mpaka magunia ya mbele yakagonga kebini. Tukasimama. Utingo ananiuliza, "Kaka, vipi?" Nikamwambia huyo mama! Akatazama mbele, akanitazama mimi. "Mama gani?"

Hapakuwa na mtu.

Sasa swali langu si la huyo mama, najua mtasema mengi. Swali ni hili: dozi ni ile ile, kopo ni lile lile. Kwa nini siku nimelala inanituliza na siku sijalala inanipandisha mori namna ile? Wataalamu karibuni.

---

Mjukuu_wa_Mikindani

Mkuu, pale pana wenyewe. Babu yangu alikuwa akipita hapo na baiskeli anashuka anaikokota, halafu anasalimia porini. Wewe umepita na fuso unapiga stori za semi, unategemea nini? 😂

---

Boda_Chikongola

Hizo enaji nyingine zimekaa juani dukani mpaka rangi ya kopo imepauka. Angalia tarehe, kaka.

---

Mfamasia_Kuchele

Suka, pole sana na mshukuru Mungu. Tarehe ya kopo haihusiki na wenyewe wa pale tuwaache wapumzike. Umeuliza swali ambalo watu wa maabara wamelihangaikia miaka mingi, na jibu lake linanifurahisha, kwa hiyo mnivumilie nitaandika ndefu.

Anza na kahawa. Muda wote uko macho, kwenye ubongo kunajikusanya kitu kinaitwa adenosini. Kinavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini haikiondoi. Inachofanya ni kukalia nafasi ambazo adenosini ilitakiwa ikae ili isomeke. Chukua mfano wa ghala la ushirika: wakulima wanaingiza magunia mfululizo, lakini kiti cha karani wa mizani kakikalia mtu ambaye hapimi wala haandiki. Kitabu kinasoma sifuri, ukigeuka nyuma magunia yamefika darini. Siku umelala, ghala lina magunia machache, karani akirudi kitini anayaandika, mambo yanakwisha. Usiku wa tatu ghala limejaa mpaka mlangoni, na wewe unaendesha kwa kusoma kitabu.

Hapo ni upande wa usingizi tu. Upande wa pili ndio uliokupandisha mori, nao ni dopamini, ile inayokufanya utake kitu, ukikimbilie, uone kina faida. Nchini Marekani kundi la mtafiti Nora Volkow liliwapiga watu picha za ubongo baada ya kulala na baada ya kukesha usiku mmoja tu. Aliyekesha, vipokezi vya dopamini (zile nafasi inapokaa ili isomeke) vya aina ya D2 vilionekana vichache zaidi katika sehemu ya ndani inayohusika na tamaa na malipo. Mwanzoni mtu angeweza kusema labda dopamini imemwagika nyingi ndiyo imevifunika. Wakawapa methilifenideti, kichangamshi wanachoandikiwa watoto wasioweza kutulia, dawa ambayo yenyewe huongeza dopamini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012: kiasi cha dopamini kilichoongezeka kwa dawa kilikuwa sawa, umelala au umekesha. Kilichopungua ni vipokezi vyenyewe.

Ndiyo maana nasema kopo lako halina kosa. Kichwa kilichopokea kopo siku ile si kile kinacholipokea siku umelala.

---

Boda_Chikongola

Mfamasia, hapo sijakupata. Kama vipokezi vimepungua si angetakiwa apoe? Mbona kapanda?

---

Mfamasia_Kuchele

Swali zuri kuliko jibu langu. Usifikirie sauti ya redio, kwamba vipokezi vikipungua sauti inashuka. D2 ni sehemu ya kinachosaidia mtu kujizuia. Vikiwa pungufu, breki ndiyo inalegea, mafuta yako pale pale. Sasa mtu mwenye breki legevu ukimwongezea kichangamshi, unapata nini? Suka ametuambia: semi ya pili na kuovateki konani.

Kwa panya imeonekana hivyo hivyo. Ukiwanyima usingizi halafu ukawapa amfetamini, kichangamshi kikali, mwitikio wao unakuwa mkali kuliko wa wenzao waliolala, na mazoea ya dawa yanajengeka haraka. Panya hana mpango wa kununua semi, lakini anazunguka kizimba kama anayo.

---

Mstaafu_wa_Majani

Nilijificha kwenye uzi huu muda mrefu, acha niseme. Mimi nimekula mirungi miaka sita, enzi naendesha njia ya kaskazini. Najua ni kosa kisheria, nimeacha, msinilete habari za polisi.

Mnachokisema nimekiishi. Ukila umelala, inakuchangamsha, unapiga stori, unapenda watu wote. Ukila una siku mbili hujalala, ni majani yale yale ya Same, lakini unaanza kuangalia vioo. Mimi nilikuwa naona pikipiki inanifuata. Haipiti, haibaki nyuma, taa moja tu kwenye kioo cha kushoto. Nilisimama nikashuka na spana. Barabara nyeupe kabisa, hata mbwa hakuna. Nikapanda, nikaondoka, na taa ikarudi.

Utingo wangu alikuwa amekula kiasi kile kile, ila yeye alilala mchana kutwa. Hakuona kitu. Siku zote nilijiuliza kwa nini mimi tu. Leo nimepata pa kuanzia.

---

Mfamasia_Kuchele

Mzee asante, ushuhuda huu una thamani. Mirungi ina katinoni, ndugu wa karibu kabisa wa amfetamini. (Majani yakinyauka katinoni inageuka kuwa kitu dhaifu, ndiyo maana walaji wanayataka mabichi na ndiyo maana huku Kusini yakifika huwa yameshakufa nguvu. Tuna bahati ya umbali.) Vichangamshi vya ukoo huo peke yake vinaweza kumletea mtu hofu ya kufuatwa. Kukesha peke yake, ukifika siku ya pili na ya tatu, kunaweza kuleta vivuli na sauti. Ukiviweka pamoja havikai foleni, vinasukumana. Tena vinalishana: dawa inazuia usingizi, kukosa usingizi kunaikoleza dawa, na wewe unaongeza nyingine kwa sababu umechoka.

---

Nesi_wa_Zamu

Habari za usiku kaka zangu. Naandika hivi niko zamu, wodi imetulia kidogo.

Suka, mimi siendeshi gari lakini nimekuelewa. Zamu ya tatu mfululizo, mchana nyumbani silali maana watoto na majirani wanatwanga. Saa kumi na moja alfajiri nilikunywa kikombe kikubwa cha kahawa nzito ili nimalizie. Akaja mama na mtoto ana homa, akaniuliza jambo moja mara mbili. Mara mbili tu! Nilimfokea mpaka mwenzangu akanishika bega. Yule mama hakunijibu, alimfunika mtoto vizuri akakaa kwenye benchi. Niliporudi kumwomba radhi alisema "haya mwanangu, umechoka". Nililia chooni.

Na kahawa ile ya alfajiri ilinidai tena mchana. Kafeini inahitaji kama saa tano kupungua nusu mwilini, wengine zaidi. Watu waliopewa miligramu 400 saa sita kabla ya kulala walipoteza zaidi ya saa nzima ya usingizi. Kwa hiyo ninapoamkia zamu ya nne nina deni jipya, na nalilipa kwa kahawa nyingine.

La mwisho, kwa wenye ndugu mwenye ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia: kukesha kwenyewe kunaweza kumpandisha. Msimpe na enaji juu yake eti asisinzie msibani.

---

Kijana_wa_Shangani

Mbona mimi niko chuo, wakati wa mitihani nakesha na enaji tatu na sijawahi kuona mtu wala kuovateki? Nakunywa nasoma safi. Mnatishana.

---

Mfamasia_Kuchele

Kijana, unasoma safi kwa kipimo cha nani? Sikudhihaki. Hilo ndilo jambo baya kuliko yote kwenye habari hii, kwamba anayepima ndiye aliyechoka. Kuna utafiti wa mwaka 2003 wa Van Dongen na wenzake: watu walilala saa sita kwa siku, wiki mbili. Mwishoni umakini wao ulikuwa umeshuka kama wa mtu aliyekesha usiku mmoja mzima, hata miwili. Walipoulizwa, walisema wana usingizi kidogo tu.

Na kafeini? Kuna utafiti wa mwaka 2017: watu walilazwa kwa saa tano tu kila usiku, usiku tano, wakapewa miligramu 200 mara mbili kwa siku. Siku za mwanzo iliwasaidia. Baada ya usiku wa tatu walikuwa sawa na waliopewa kidonge kitupu kisicho na dawa. Kwa hiyo kijana, kopo la kwanza huenda linakusaidia kweli. La siku ya nne unamsaidia mwenye duka.

Soma na maandishi ya nyuma ya kopo. Lenye miligramu 32 za kafeini kwa kila mililita 100, kopo la mililita 250 lina 80. Tatu ni 240.

---

Kijana_wa_Shangani

Nimekwenda kusoma kopo. Ni 32 kweli. Naomba nisijibu chochote kwa sasa.

---

Mjukuu_wa_Mikindani

😂😂 Huyu naye kaona mama wa kuni.

---

Suka_wa_Nanganga

Wakuu nimesoma yote, mengine mara mbili. Mzee Mstaafu, hiyo taa ya pikipiki imenisisimua.

Ila Mfamasia, nina ubishi kidogo. Siku ile sikusinzia hata kidogo. Macho yalikuwa makavu, mikono ina nguvu, hata breki niliikanyaga haraka. Kama ningekuwa na usingizi ningesinzia. Kwa hiyo kahawa ilifanya kazi yake, siyo?

---

Mfamasia_Kuchele

Ilifanya kazi yake, na kazi yake ni hiyo tu. Umesema mwenyewe bila kujua. Taasisi ya utafiti ya jeshi la Marekani, Walter Reed, iliwakesha watu kwa saa 75. Wengine wakapewa kafeini, wengine kidonge kitupu, halafu wakachezeshwa karata za pesa ambazo mafungu mengine yanakupa nyingi mwanzo na kukufilisi mbele. Mtu aliyelala anajifunza kuyakwepa. Waliokesha waliendelea kuyachukua, na waliopewa kafeini hawakuwa bora. Macho ni kitu kimoja, uamuzi ni kingine. Kikombe kinakurudishia mikono ya breki. Hakikurudishii yule suka anayesema "kona hii hapana".

Na kabla ya kahawa tayari ulikuwa umelewa, samahani kwa neno. Watafiti wa Australia, Dawson na Reid, walilinganisha mwaka 1997: saa 17 macho ni kama mtu mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, saa 24 ni kama 0.10. Wewe ulikuwa siku ya tatu. Ukimpa mlevi kahawa unapata mlevi mchangamfu.

Lingine, umesema hiyo ni dozi yako miaka yote. Siku hizi za msimu huongezi?

---

Suka_wa_Nanganga

Naongeza. Mwezi wa kumi nilianza na kopo moja kwa usiku. Sasa nikikaa foleni bandarini nanunua hata nisipotaka, mkono wenyewe unaenda.

---

Mfamasia_Kuchele

Basi sikia hii. Watu wazima wenye afya walipewa nafasi ya kuchagua, kidonge chenye methilifenideti au kidonge kitupu, bila kuambiwa kipi ni kipi, wajifunze wenyewe kwa kuhisi. Waliolala kwa saa nane hawakukijali sana chenye dawa. Watu hao hao wakilazwa kwa saa nne tu, wanakichagua chenye dawa karibu kila mara. Hawakuwa wateja wa dawa, na tabia yao haikubadilika kwa kitu kingine zaidi ya usiku mmoja mfupi. Huo mkono wako unaoenda wenyewe, usiulaumu sana.

---

Mstaafu_wa_Majani

Hii nimeisoma nikaweka simu chini. Miaka sita nilidhani ni tamaa yangu.

---

Boda_Chikongola

Sasa tajiri yake atamwelewa? Ninyi mnaongea Walter Reed, tajiri anaongea tripu. Mpeni cha kufanya.

---

Mfamasia_Kuchele

Kweli kabisa, kaka. Suala la malipo kwa tripu siliwezi na duka langu la dawa. Ninachojua kinachosaidia barabarani ni hiki: kunywa kahawa yako, kisha hapo hapo uzime gari ulale dakika 15, zisizidi 20. Kafeini inachukua kama nusu saa kufika, kwa hiyo unaamka inapoanza kazi, na ghala umeshalipunguza magunia kidogo. Watu wa Loughborough, Uingereza, waliwapima madereva wenye usingizi kwenye mtambo wa kuigiza uendeshaji, kahawa pamoja na usingizi mfupi vikafanya vizuri. Hao hao walipima pia kufungua dirisha na kuongeza redio. Karibu bure.

Hiyo ni ya kukufikisha Mtwara usiku mmoja. Usiku wa tatu haifai kitu, hapo lala.

---

Nesi_wa_Zamu

Na utingo awe na simu ya kukuamsha, siyo naye alale. Nyie nawajua.

---

Suka_wa_Nanganga

Mrejesho wakuu. Juzi nilisimama Nyangao, kikombe kimoja, kiti nikakilaza. Utingo nikampa simu. Dakika ishirini akaniamsha, nikamtukana, nikalala tena kidogo, akaniamsha kwa maji. Nimeendesha mpaka bandarini sijaongea habari ya semi. Nilipitwa na magari matatu na sikuyaonea wivu. Tajiri kapiga simu kuuliza nimechelewa wapi, nimemwambia pancha. Mungu anisamehe, ila pancha analielewa.

---

Mwana_Mingoyo

Mleta uzi, mimi nakaa huku na kila siku nakwenda Mtama na pikipiki. Uliposema kabla ya Mnazi Mmoja, upande wa kushoto ukitokea Mtama, baada ya mteremko?

---

Suka_wa_Nanganga

Hapo hapo! Usiniambie kuna kaburi.

---

Mwana_Mingoyo

Hakuna kaburi. Kuna mtu anauza kuni. Anazifunga mizigo anaziegemeza kwenye nguzo ya barabara, usiku anaziacha hapo hapo. Mzigo mmoja kaufunga na kipande cha kanga.

---

Suka_wa_Nanganga

Rangi gani?

---

Mwana_Mingoyo

Nyekundu, imepauka.

---

Suka_wa_Nanganga

Basi kuni zilikuwa za kweli. Mama nimemwongeza mimi.

---

Mjukuu_wa_Mikindani

Babu atakuwa alikuwa akisalimia mzigo wa kuni miaka yote ile. Mwana Mingoyo, mzigo shilingi ngapi?